Ndugu yako ana sonona? Jinsi ya kumsimamia mpaka dawa zishike

Watu wengi wanajua sonona (depression) ni mtu kulia lia, kumbe wengine hawalii kabisa. Utakuta mtu analalamika kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, kapima malaria na taifodi mpaka kachoka na majibu yanatoka safi, usiku saa tisa yuko macho, chakula hakipandi, mpira aliokuwa haukosi sasa hivi hana habari nao. Wanaume wengi kwao inatokea kama hasira za mara kwa mara na pombe kuzidi, ndugu wanasema kaharibika tabia. Ikishakuwa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi na shughuli zake zimesimama, mpeleke hospitali.

Sio lazima muanzie Muhimbili au Mirembe, hospitali ya wilaya inatosha kuanza. Ila mkifika msiseme kichwa tu maana mtarudi na panadol, semeni yote, usiku halali, chakula hali, hana hamu na kitu. Anaweza kuulizwa maswali 9 yenye alama kuanzia 0 mpaka 27, ajibu kwa ukweli. Ombeni pia apimwe damu na homoni za tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi kuwa chini vinaweza kumchosha mtu ukadhani ni sonona. Na kama aliwahi kuwa na kipindi cha kutolala siku kadhaa huku ana nguvu za ajabu, anaongea bila kupumzika na kutapanya hela, mwambieni daktari kabla hajaandika dawa, inawezekana ni ugonjwa mwingine na dawa za sonona peke yake zikamlipua.

Muulize pia, wewe mwenyewe, kwa upole ila wazi, kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo, wengi wanashusha pumzi wakipata wa kumwambia. Akisema ndio usimuache peke yake, ondoa sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge vyote ndani, muende hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa hapa kwenye dawa ndo wengi wanapotelea. Akipewa fluoxetine au amitriptyline, madhara madogo yanatangulia na nafuu inakuja nyuma, yani wiki ya kwanza anaweza kupata kichefuchefu, kichwa, mdomo kukauka au usingizi mzito, na raha bado haijarudi hata kidogo, anakwambia hizi dawa zinaniua anazitupa. Mwambie mapema kwamba nafuu inaanza kuonekana kwenye wiki ya 2 mpaka ya 4, na kutulia vizuri inaweza kufika wiki ya 6 au 8. Mara nyingi utaanza kuiona wewe kabla yake, kaoga bila kuambiwa, kauliza watoto wamekula nini. Wiki hizo za mwanzo kaa naye karibu zaidi, hasa kama ni kijana chini ya miaka 25, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwanza. Amitriptyline itunze wewe, ukimpa kwa dozi, kwa sababu ikizidi inaua. Pombe aweke pembeni.

Mazungumzo nayo ni tiba kamili, sio kupoteza muda. Uganda, upande wa Masaka na Rakai, mwaka 2002 wanakijiji wenye sonona walikaa kwenye vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa wiki mbili tu, na walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakuwa kwenye vikundi. Kwa hiyo akipangiwa mshauri aende, na nyumbani mtoe nje hata dakika kumi, msikilize bila kumwambia jikaze. Maombi yaendelee, na dawa ziendelee.

Akishapona msiache dawa. Kawaida anaendelea miezi 6 au zaidi baada ya kujisikia vizuri, halafu daktari anampunguzia taratibu, sio kukata ghafla, maana kizunguzungu na wasiwasi vitamrudisha nyuma. Kama hii ni mara ya pili au ya tatu kumpata anaweza kuongezewa muda hata miaka miwili, msishtuke, na hakikisheni dawa hazimuishii katikati ya mwezi.