Kabla ya Kumwita Fundi, Chimba Shimo

Ukinunua kiwanja cha futi 50 kwa 100, kama wengi wetu tunavyonunua hapa Uganda, kuna hesabu moja inayokubana mapema. Futi 100 ni mita 30 na ushee, na mita 30 ndiyo nafasi inayoshauriwa kati ya choo cha shimo na kisima. Kwa hiyo choo chako, kisima cha jirani, nyumba na migomba vyote vinagombania ardhi ileile. Ijue ardhi hiyo kabla lori la matofali halijafika.

Katika vilima vya Buganda udongo hubadilika kadiri unavyoteremka. Juu utakuta murramu, ile changarawe nyekundu ngumu, yenye udongo mchache sana juu yake. Kwenye mteremko kuna udongo mwekundu wenye kina, wa matoke na kahawa. Chini zaidi ni mchanga wa kijivu, na bondeni ni mfinyanzi na mafunjo. Murramu hubeba nyumba vizuri sana, lakini mgomba hauna pa kupeleka mizizi. Ajabu ni kwamba watu wengi hujenga juu ya udongo mzuri, halafu maharage yanasukumiwa kwenye kokoto nyuma ya jiko.

Chimba mashimo matatu ya kina cha mita moja, sehemu tofauti za kiwanja, utazame kuta zake. Rangi nyekundu au kahawia iliyo sawa kote inaonyesha maji yanapita. Kijivu chenye madoa ya kutu kinaonyesha maji hutuama hapo wakati wa mvua, hata kama leo pamekauka. Usichimbe choo hapo. Kisha chukua udongo kiasi cha kujaa kiganja, uloweshe, uukande, uusukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mchanga au tifutifu ni mwingi. Ukipita sentimita 5, huo ni mfinyanzi.

Kwa choo, jaribio la maji ndilo la kukata shauri. Pale unapotaka kuweka shimo la kunyonya maji ya tangi la maji taka, chimba kijishimo cha upana wa sentimita 30, kifike kina ambacho maji taka yatatoka kuingia ardhini. Kijaze jioni, uache udongo ulowe usiku kucha. Asubuhi jaza tena, simamisha kijiti chenye alama, uangalie saa. Maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, shimo litafurika msimu wa mvua na harufu itakuwa ya mtaa mzima. Yakitoweka papo hapo, kama kwenye mchanga wa kando ya ziwa, usishangilie: uchafu utafika kwenye maji ya kisima kabla udongo haujauchuja. Jaribu Aprili au Novemba. Wauza viwanja hupenda kukutembeza Januari.

Maji yakiwa karibu na uso wa ardhi, jenga choo cha kuinuliwa, chemba yake ikiwa juu ya ardhi na inyonywe kwa gari. Kitako cha choo cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji, kwa kipimo cha msimu wa mvua. Kwenye mchanga, zungushia shimo matofali, la sivyo litabomoka. Juu ya shimo la kunyonya usipande dodo (mchicha), karoti wala nyanya, acha nyasi. Migomba iweke chini kidogo ya bomba la bafu, hapo itastawi.

Karamoja ni habari nyingine. Udongo mweusi wa huko huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba hupasuka nao, mara nyingi kuanzia pembe za madirisha. Fundi aondoe udongo huo chini ya msingi, ajaze murramu iliyoshindiliwa, afunge msingi kwa ukanda wa zege na nondo, na maji ya paa yapelekwe mbali. Mkaratusi usiusogeze karibu na ukuta, wala bustani ya kumwagilia. Mtama, kwa upande wake, unaupenda udongo huo.

Bondeni kwenye mafunjo usijenge, hata bei ikiwa ya kutupa. Waliobomolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira, kwenye kinamasi cha Lubigi mwaka 2024 wanajua kwa nini.

Siku ya kuchimba msingi, simama mwenyewe. Sentimita 20 za juu, udongo mweusi wenye mizizi, zikusanywe kando na kufunikwa nyasi. Huo ndio bustani yako. Udongo mwekundu uliotoka chini ya shimo la choo usiutandaze shambani, ujazie chini ya baraza. Wakataze mafundi pia kuosha ndoo za saruji penye bustani: saruji hupunguza tindikali kupita kiasi, na majani machanga ya maharage huwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani.

Ukitaka kujua kinachokosekana, peleka nusu kilo ya udongo kwenye maabara ya kilimo ya Kawanda. Changanya udongo kutoka sehemu kumi hivi za bustani, kina cha sentimita 20, uukaushe kivulini. Usichukue palipochomwa takataka au paliporundikwa samadi.