Mtoto wa selimundu: jifunze kupapasa bandama

Wenye watoto wa selimundu, hii nimeonyeshwa na nesi kliniki nikaona nisikae nayo peke yangu. Muombe nesi akuonyeshe kupapasa bandama ya mwanao, halafu nyumbani fanya kila siku, mi nafanya jioni akishaoga ametulia, alale chali akunje magoti, vidole vyako viwe chini ya mbavu za kushoto, unabonyeza taratibu akivuta pumzi, usikandamize. Angalia inatokeza vidole vingapi chini ya ubavu, andika kwenye daftari la kliniki. Sababu ni kwamba kwa hawa wadogo damu inaweza kujaa kwenye bandama ghafla, ndani ya masaa tu, mwili ukaishiwa damu. Kwa hiyo jana vidole viwili leo vinne, viganja na midomo vimepauka, mtoto kalegea, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Jamaica walianza kufundisha wazazi hivi miaka ya 1970 na vifo vikapungua. Mfundishe na bibi na dada wa kazi maana wao ndo wanashinda naye.

Akiwa analia usihangaike, tumbo linakaza hupati kitu. Na kwa wengi wakishafika kama miaka 5 hivi bandama inakuwa imeshaanza kusinyaa, kutoipata hakukwambii chochote. Malaria nayo huivimbisha. Homa ikifika 38 nendeni tu, hata kama bandama iko vile vile.