Akiba haiozi, ila akiba ya maji ya tangi la matumbawe inaoza: mambo ya kuzingatia kabla hujajaza pipa

Kila anayefuga matumbawe nyumbani inafika siku anachoka kutengeneza maji usiku usiku, ndoo moja baada ya nyingine, anaamua basi, nanunua mapipa mawili, moja la maji yaliyosafishwa, lingine la maji ya chumvi yaliyokwishachanganywa, nikiyahitaji nafungua koki tu. Uamuzi mzuri, mimi mwenyewe sirudi tena kwenye ndoo. Lakini kabla hujatoa hela soma haya kwanza, maana mapipa hayo hayo yaliyonirahisishia maisha ndiyo yaliyoniulia wanyama wa miaka mitatu kwa usiku mmoja, na kosa lilikuwa langu, la kijinga kabisa, ntafika huko.

Anza na sakafu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwahiyo pipa la lita 200 ni kilo 200 hata hujahesabu chumvi na pipa lenyewe, ukiweka mawili bega kwa bega una zaidi ya kilo 400 sehemu moja. Kwenye zege chini kabisa haina neno, ila ghorofani juu ya mbao, au kwenye stendi uliyojigongea mwenyewe, fikiria mara mbili. Na pasiwe panapigwa jua, mwanga ukiingia mwani utaota hata kwenye maji uliyoapa hayana kitu ndani.

Pipa liwe la plastiki ya kuwekea chakula. Geuza chini utafute alama ya pembetatu, namba 2 au namba 5 ni nzuri, lakini namba peke yake haitoshi, cha muhimu ni liliwahi kubeba nini. Kama lilikuwa la sabuni, la mafuta ya gari, la dawa ya shamba, achana nalo, usiniambie umelisugua mara saba. Plastiki inanyonya na kuja kutema taratibu. Na koki, viungio, vibanio vya mpira, vyote viwe vya plastiki. Shaba hapana, mabati hapana. Maji yaliyosafishwa mpaka mwisho yana kiu, yanaramba chuma chochote yanachogusa, na shaba kidogo tu inamaliza kamba na konokono.

Sasa maji yenyewe. Mtambo wa RO, yani wa kusafisha maji kwa kuyasukuma kwenye utando mwembamba, una chujio la takataka, mkaa, membreni (ndiyo huo utando), halafu resini ya DI mwishoni, punje za kudaka madini yaliyobaki, na mita ya TDS, ya kupima madini yaliyoyeyuka majini, inatakiwa isome 0. Siyo 3, siyo "karibu sifuri". Watu wengi wanakosea hapa bila kujua: mtambo ukiwashwa baada ya kukaa, maji ya dakika chache za mwanzo yanatoka machafu kwenye membreni kuliko ya baadaye, kwahiyo yamwage, au weka koki ya kuyapitisha pembeni yasiguse resini. Ukiwa na tabia ya kuwasha dakika kumi leo, kumi kesho, resini inaisha mapema halafu unalalamika umeuziwa feki. Washa mara moja, jaza pipa zima, zima. Hii ndiyo faida kubwa ya pipa kuliko ndoo na hakuna anayekuambia. Kama maji yenu ya bomba yanatiwa kloramini (dawa ya kuua vijidudu, klorini iliyoungana na amonia) hakikisha mkaa ni wa kazi hiyo na ubadilishe kwa wakati, kloramini ikivunjika inaacha amonia, ambayo inabidi resini iidake, na resini iliyochoka haidaki kitu.

Floti ya kufunga maji pipa likijaa, weka. Floti bila ile valvu ya kuzima mtambo wenyewe ni nusu ya kazi, utakuta maji machafu ambayo mtambo unayatoa pembeni yanaendelea kwenda kwenye mfereji usiku kucha. Na hata ukiwa na vyote viwili usiwashe ukaenda kulala. Seti alamu kwenye simu. Mimi nimeshakausha kapeti mara mbili na mara zote mbili nilijiambia "nafumba macho kidogo tu".

Upande wa chumvi: maji kwanza, pampu iwe inazunguka, ndiyo umimine chumvi kidogo kidogo. Siyo chumvi kwanza halafu maji juu yake, ukifanya hivyo kalsiamu na alkaliniti (madini yanayozuia maji yasiwe na asidi) vinagongana kabla havijasambaa na unapata unga mweupe chini ambao haurudi tena kuwa maji. Chumvi nyingi zinataka kama gramu 36 mpaka 40 kwa lita kufika 35 kwa elfu, yani gramu 35 za chumvi kwenye kila gramu 1000 za maji, au uzito wa 1.026 ukilinganisha na maji matupu, kwenye joto la nyuzi 25. Kabla hujapima tikisa au geuzageuza ndoo ya chumvi, madini yanajitenga safarini, mazito huku mepesi kule. Na refraktomita, kile kipimo cha chumvi cha kuchungulia, usiisawazishe kwa maji matupu tu, tumia yale maji maalumu ya kusawazishia yenye chumvi 35 kamili, nimeshaona yenye sifuri nzuri kabisa ambayo kwenye 35 inadanganya.

Chumvi ikae muda gani kwenye pipa? Soma maelekezo ya chumvi yako, siyo ya jirani. Kuna zinazotaka zitumike ndani ya masaa machache na kuna zinazovumilia wiki kadhaa. Zile zenye alkaliniti kubwa ukiziacha na hita inawaka na pampu inazunguka siku nzima zinatengeneza magamba meupe kwenye hita, hayo magamba ndiyo alkaliniti uliyolipia. Mimi nachanganya, nikiona maji yameng'aa nazima hita, naacha pampu ndogo iwake mara chache kwa siku, halafu napasha moto tena siku moja kabla ya kubadilisha maji. Hita ichomolewe kabla hujaanza kunyonya maji pipani, ikibaki juu ya maji inawaka inapasuka, na hapo siyo samaki tu, ni wewe na mkono wako.

Andika kwenye mapipa. Maandishi makubwa, CHUMVI, SAFI, na mipira ya rangi tofauti. Maji yanayokauka tangini yanarudishwa kwa maji safi, siyo ya chumvi, chumvi haikauki, na siku ukijaza kile kidumu kinachoongeza maji tangini chenyewe kwa maji ya pipa lisilo lake utashangaa wiki nzima kwanini chumvi ya tangi inazidi kupanda. Usiseme "nayajua mapipa yangu". Saa sita usiku huyajui.

Halafu mfuniko.

Mfuniko niliuchukulia poa sana. Nilikuwa nao, lakini waya wa pampu na mpira vilikuwa vinapita ukingoni kwahiyo haukukaa sawasawa, ulibaki umeinuka upana wa vidole vinne hivi. Na pembeni, chini, kulikuwa na pampu ya hewa inayopeleka mapovu ndani ya pipa la chumvi. Nikajua kibaya kinachoweza kutokea ni vumbi, au maji kupungua na chumvi kupanda kidogo, ambayo ni kweli inatokea, kwahiyo nilikuwa napima kabla ya kutumia na kujiona mtu makini.

Basi wakaja mende. Tukaita mtu wa kupuliza dawa. Mimi kwa ujuzi wangu nikafunika tangi lote kwa nailoni, nikabandika gundi pembeni, nikazima kila kinachovuta hewa sebuleni, nikakaa nje na familia nikijisifu. Pipa lilikuwa stoo. Stoo ndiyo ilikuwa na mende wengi. Akapuliza stoo kuliko kote, na ile pampu ya hewa pale chini ilikuwa inavuta hewa ya stoo na kuipeleka moja kwa moja ndani ya lita 200 za maji ya chumvi. Sikuifikiria hata sekunde moja. Tangi lilikuwa salama, nilikuwa nimelifunika!

Siku mbili baadaye nikabadilisha maji kama kawaida, lita 35. Haikupita saa moja kamba msafishaji mmoja akaanza kurudi nyuma kwa kasi anajigonga kwenye kioo, halafu akalala chali miguu inatetemeka. Nikapima kila kitu. Chumvi 35, joto 25, amonia hamna. Nikaenda hadi kwenye pipa la maji safi nikachomeka mita ya TDS, 0. Kila kitu safi. Sasa wote tumefundishwa, ukiona mambo yameharibika na hujui sababu, badilisha maji. Nikabadilisha. Lita 60, haraka, kutoka pipa lile lile.

Asubuhi kamba wote wawili wamekufa, kaa wadogo wote wanaoishi kwenye makombe ya konokono wametoka nje wamelala mchangani, kaa wa kijani niliyekuwa simuoni miezi nikamuona siku hiyo. Konokono wazima. Samaki mmoja alikuwa anapumua kwa shida akaja kupona. Matumbawe yalijikunja siku chache yakafunguka. Nilikaa naangalia orodha hiyo kichwani, waliokufa wote ni wenye miguu ya viungo na gamba, na ndipo ikanijia: kamba na mende ni ukoo mmoja. Dawa inayomuua mmoja haimuulizi mwenzake anaishi wapi. Nikampigia aliyepuliza anisomee kilichoandikwa kwenye chupa, ilikuwa jamii ya zile dawa zilizotengenezwa kuiga sumu ya maua ya pareto. Hizo kwa binadamu akizitumia vizuri hazina shida kubwa, kwa kamba kiasi kidogo mno kinatosha.

Siwezi kuapa mbele ya hakimu, sikupeleka maji maabara. Lakini sina maelezo mengine.

Kilichoniuma siyo ile mara ya kwanza, ni ile lita 60. Mara ya kwanza ni ajali, ya pili niliwanywesha sumu kwa mikono yangu nikidhani nawaokoa. Na mita zangu zote zilikuwa sahihi, hilo ndilo nataka ulishike: mita ya TDS inapima vitu vinavyopitisha umeme majini, chumvichumvi na madini, dawa ya wadudu haipitishi, mafuta hayapitishi, rangi ya kupuliza haipitishi. Sifuri maana yake hakuna madini. Haina maana hakuna kitu.

Kwahiyo sasa hivi mifuniko yangu nimeitoboa matundu yanayolingana na waya na mpira, yamezibwa kwa raba, inakaa flati. Pampu ya hewa nimeitupa kabisa, pampu ya kuzungushia maji inatosha. Lile pipa nalo lilienda, hizo dawa zinapenda kushika kwenye plastiki na sikutaka kubahatisha. Siku ya kupuliza dawa yoyote, au kupaka rangi, au fundi kuja na varnishi, mapipa nayafunga na kuyafunika kama ninavyofunika tangi, na nikiweza nachelewesha kujaza mpaka wiki ipite. Na la mwisho kwenye hili, sihifadhi tena maji yote ya chumvi sehemu moja. Nina madumu mawili yaliyofungwa, yaliyochanganywa siku nyingine, yanakaa chumba kingine, nayabadilisha kila wiki mbili hivi. Tangi likiumwa baada ya kubadilisha maji sigusi tena pipa nililotoka kulitumia, natoa hayo, na naweka mkaa mpya kwenye chujio hapo hapo. Uwe na mkaa ndani muda wote, ukisubiri kwenda kununua umechelewa.

Mengine ni ya kawaida tu. Nawa mikono kwa maji bila sabuni kabla hujaingiza mkono pipani, losheni na dawa za mbu zinatoka ngozini. Ndoo na mpira wa maji ya tangi visitumike kudekia, na ukishaviazimisha vihesabu vimeondoka. Safisha pipa la chumvi likiisha kabisa, usijaze juu ya mabaki miezi na miezi, ukiona utelezi ukutani umeshachelewa. Joto la maji mapya na la tangi yasipishane zaidi ya nyuzi moja mbili. Waya zote ziwe na mkunjo unaoning'inia chini kuliko soketi ili tone lidondoke sakafuni lisitembee kwenda kwenye umeme, na ekstensheni isikae chini hata siku moja. Ukisafiri mwonyeshe anayebaki pipa lipi ni lipi, siyo kwa simu, mpeleke mpaka stoo umshikishe koki. Na mwambie akiona mtu anaingia humo na chupa ya kupuliza, hata ya manukato ya chooni, amtoe.