Somo: Miguu kuwaka moto kwa anayetumia ARV

Ndugu zangu, wengi mnalalamika kwamba usiku nyayo zinawaka na kuchomachoma kama sindano, hata shuka likigusa ni maumivu. Mara nyingi hiyo ni mishipa ya fahamu iliyoumia. Huanzia vidoleni, miguu yote miwili, kisha hupanda taratibu.

Hatua ya 1: Usiache dawa. Naanza na hili kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. VVU vyenyewe huumiza mishipa, na ukiacha dawa unavipa nafasi. Dawa iliyoleta ganzi sana zamani ni stavudini, na Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe mwaka 2009. Kidonge cha TLD, chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir pamoja, hakimo katika kundi hilo.

Hatua ya 2: Mweleze mhudumu kila unachomeza. Isoniazidi, ile ya kukinga kifua kikuu, hupunguza vitamini B6 mwilini. Ndiyo maana huambatana na piridoksini, yaani hiyo B6 yenyewe, kwa kawaida mg 25 kwa siku kwa mtu mzima. Ukipewa isoniazidi peke yake, rudi kliniki kesho, usingoje tarehe yako. Pombe usiifiche, nayo huumiza mishipa. Omba na kipimo cha sukari.

Hatua ya 3: Linda nyayo. Mguu wenye ganzi hautakwambia kwamba umekanyaga msumari. Kagua nyayo kila jioni, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, pima maji kwa kiwiko. Na jamani, kukanda kwa maji ya moto tuache! Unababuka bila kuhisi, kidonda kinakaa miezi.

Hatua ya 4: Maumivu yakikunyima usingizi, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini au gabapentini. Hutuliza maumivu kwa baadhi yetu, mishipa haziitibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, nikimeza B6 nyingi si nitapona haraka?
Hapana, mpenzi. B6 ikizidi kwa muda mrefu huumiza mishipa ileile.

Mimi ganzi ni mguu mmoja, na kiuno kinauma.
Hapo kaka huenda shida ni mgongo, kapimwe. Mguu ukiishiwa nguvu au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali leo hii.

Virusi vyangu havionekani kwenye kipimo, mbona miguu bado?
Mishipa iliyoumia zamani hupona polepole sana, mingine hairudi. Hongera kwa kipimo hicho, lakini nyayo endelea kuzikagua.