Jinsi ya Kuomba Mafunzo ya Zimamoto kwa Shule ya Bweni

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania, chini ya Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, hufundisha raia kuzuia moto, kuuzima na kuokoa watu. Shule inayoyataka mafunzo hayo huyaomba kwa barua.

Kwanza, teua kikosi cha shule kitakachofundishwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: majina yanakuwa ya mkuu wa shule, makamu wake na mhasibu, watu ambao saa nane za usiku wako majumbani kwao. Moto wa Shauritanga kule Rombo mwaka 1994, na ule wa Shule ya Byamungu wilayani Kyerwa mwaka 2020, yote iliwaka usiku, watoto wamelala. Basi anza na matroni, patroni, mlinzi wa zamu ya usiku, mpishi na viranja wa mabweni. Kila bweni liwe na mtu wake, na funguo za milango zijulikane ziko kwa nani.

Barua iandikwe kwa Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa Mkoa, ukiipeleka kituo cha Jeshi kilicho karibu. Baada ya "Yah: Maombi ya mafunzo ya kinga na tahadhari ya moto", taja idadi ya wanafunzi na mabweni, wanakikosi, mitungi ya kuzimia moto mliyonayo, jiko linatumia kuni au gesi, chanzo cha maji, na tarehe mbili mnazopendekeza. Weka namba ya simu inayopokelewa. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ukiambiwa kuna malipo, subiri kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali (control number), ulipe benki au kwa simu. Fedha mkononi, hapana.

Siku ya mafunzo, omba kila mwanakikosi achomoe pini ya mtungi na kuzima moto mwenyewe. Kutazama tu hakutoshi. Mpishi aoneshwe kwa nini mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji. Waombe wakufunzi pia wasimamie zoezi la kuwatoa wanafunzi bwenini gizani hadi eneo la kukusanyikia, majina yaitwe.

Matroni au mlinzi akihama, mrithi wake aandikiwe maombi mapya. Namba ya dharura, 114, ibandikwe penye simu ya mlinzi, siyo ofisini tu.