Altezza iliyoliwa na kutu: kuiandaa kwa mbio za koni kwa pesa kidogo

Kwenye mbio za koni, autokrosi kwa jina lingine, koni hupangwa kwenye lami iliyofungwa, gari linaingia moja moja, saa inahesabu. Kwa kanuni za SCCA, chama cha michezo ya magari cha Marekani, kila koni utakayoiangusha inakuongezea sekunde 2. Mara nyingi hutapita gia ya pili, kwa hiyo habari za kuongeza nguvu za injini zisubiri. Toyota Altezza RS200 manuali, injini 3S-GE, inatosha kama ilivyo. Kinachoiangusha Dar ni kutu.

Anza na bisibisi bapa na nyundo ndogo, gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake. Gonga vizingiti vya chini ya milango, sakafu chini ya mazulia, pembe za buti, sehemu za kuwekea jeki, na pale shokapu inapofungwa kwenye bodi. Bati zima linalia. Lililooza linatoa sauti bubu, na bisibisi inazama. Mazulia yatoe yote, maana maji ya masika hukaa chini yake miezi. Kutu ikiwa kwenye mihimili ya chesisi au inapofungwa mikono ya saspensheni, achana nalo, tafuta bodi nyingine.

Sehemu ndogo zinatibika. Fundi wa kuchomelea, pale mtaa wa Gerezani, Dar, au popote, atakuwekea kiraka upesi, lakini uliza ni bati gani. Bati la paa ni jembamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi wenye sumu. Taka chuma cheusi cha milimita 1.2 kwa sakafu. Kata mpaka ufikie bati safi, usifunike kutu. Toa waya hasi wa betri, ondoa tangi la mafuta kama mnachomea karibu nalo. Bati lishikwe kwa nukta zilizoachana sentimita 2 hadi 3, zikipoa ndipo nafasi zijazwe. Ukichomea mstari mmoja mrefu, bati litapinda. Kisha praima ya zinki, rangi, na nta ndani ya vizingiti, bila kuziba matundu ya kutolea maji. Puti si kiraka. Na usioshe gari kwa maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huku pwani ni mengi. Ni kuilisha kutu.

Breki zinafuata. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hewa ya Dar ina unyevu mwingi. DOT 4 mpya huchemka nyuzi 230 au zaidi. Iliyonyonya maji kiwango chake cha chini ni 155, na ikichemka pedali inazama hadi chini. Nunua lita 1 iliyofungwa. Kwa gari la usukani wa kulia, toa hewa kwenye mabomba ya breki kuanzia gurudumu la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia, na chupa ya juu isikauke hata mara moja.

Bushi (mipira ya viungo vya saspensheni) zilizopasuka badilisha kabla ya kufikiria shokapu za bei. Kosa la kila gereji: boliti za bushi kukazwa magurudumu yakining'inia. Gari likishuka, mpira unabaki umejipinda, na muda si mrefu unachanika. Kaza mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake.

Tairi ndizo zinazostahili pesa nyingi kuliko vyote. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa gumu kama ubao. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililozidi miaka 6 liache. Saizi ya kiwandani ni 215/45R17. Anza na psi 34, paka chaki ukingoni mwa kashata, zunguka mara moja. Chaki ikifutika mpaka ubavuni, ongeza psi 2. Ikibaki kwenye kashata, punguza. Nati zikazwe Nm 103, kwa spana ya torki.

Kwenye alaimenti, omba kamba hasi (camber, yaani magurudumu yainamie ndani kwa juu) ya digrii 1.5 hadi 2 mbele kadiri boliti zinavyoruhusu, na magurudumu ya nyuma yaelekee ndani milimita 2 kwa jumla. Ukiyaacha yameelekea nje, mkia utakuzungusha ukiachia mafuta katikati ya kona.

Kupunguza uzito ni bure: toa kiti cha nyuma, tairi la akiba, jeki na vitu vya buti. Mikanda ya mbele na mifuko ya hewa usiguse.

Fundi akikwambia themostati imetolewa "ili injini isichemke", irudishe. Bila hiyo injini inakaa baridi na inakunywa mafuta. Rejeta iwe na kulanti, si maji ya bomba. Oili ijae mpaka alama ya juu ya kijiti. Kwenye kona ndefu huhamia upande mmoja, na ikiwa pungufu pampu inavuta hewa.

Siku ya mbio: betri imefungwa isicheze, helmeti kichwani, hakuna kitu kinachobingirika sakafuni. Kati ya raundi na raundi fungua boneti ipumue, na usivute breki ya mkono wakati diski zina moto.