Sanduku la bibi lisiguswe na ndimu

Kama nyumbani kwenu kuna sanduku la mbao la zamani, lile lenye njumu, yaani mapambo ya shaba yaliyopigiliwa kwenye mbao, alilokuja nalo bibi alipoolewa, tafadhali msilisugue kwa ndimu na majivu kama sufuria. Ndimu inang'arisha kweli, lakini maji yake makali huchuruzika kwenye mbao na kuacha madoa, na kila mkisugua, shaba inalika na nakshi inafutika. Ile rangi ya kahawia iliyotulia juu ya shaba si uchafu, ni umri wake. Futeni vumbi kwa kitambaa laini cha pamba, kikavu, basi.

Hapa Dar adui mkubwa ni unyevu, hasa masika, kati ya Machi na Mei. Lisogezeni sanduku mbali kidogo na ukuta na kuliinua kutoka sakafuni, maana mchwa hupandia huko. Siku ya jua lifungueni lipate hewa, lakini kivulini. Mbao ikikaushwa ghafla hupasuka. Mkiona unga mwembamba chini yake, huenda ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Mwiteni seremala mapema, msipake vanishi kuficha vitundu.

Kanga zilizomo zikunjueni mara kwa mara na kuzikunja mahali pengine, kwa sababu uzi hukatika penye mkunjo wa miaka. Picha zitieni kwenye bahasha za karatasi, si mifuko ya plastiki, na nyuma yake andikeni majina kwa penseli wakati shangazi bado anawatambua waliomo.